Kalala Anakulaka kwa Nani

Musonoi, tarehe 11 mwezi ya pili 2024

Kwa Mushiya, mudogo yangu wa tumbo moja,

Jambo kwako, jambo kwa bwana yako Tharcisse na mugongo yake, jambo kwa kuku yako yote yenye ingali hai. Sisi huku tunapumua. Mvua inanyesha bila kupumzika, vumbi ya kariere, kule banachimbaka madini, imekuwa matope, na matope inatufuata mpaka ku sahani. Tatiana, mujukuu yangu musichana, alizaa mbele ya Noeli. Ni mutoto mwanamuke, na bamemupa jina yangu. Analia sana. Tatiana anasema ni jina njo inamuliza. Nimemuachia ile maneno, juu ametoka kuzaa.

Anayeandika ni Stéphanie, mushonaji wa mulango ya pili, juu unajua mi kalamu sikuishikaka hata siku moja. Nimemwambia aandike yote yenye inatoka mu kinywa yangu, asipunguze, asisafishe. Ningekupigia telefone, lakini telefone yako ya Kasaji inakatikaka kila mara nikifika ku maneno yenyewe. Barua haikatike.

Sasa maneno yenyewe.

Kisimba, ule mwenye kupelekaka kamyo ya mihogo, alipita kunisalimia. Akasema: «Mama Mianda, nimeona Kalala yako kule Kasaji. Amekuwa na mashavu!»

Mi namuuliza: «Mashavu gani?»

«Mashavu, Mama. Kama ya mutu wa ofisi.»

Mushiya. Ule mutoto nilimulea mi. Mama yake, binti yangu, alikufa akamuachia bila meno hata moja, mi njo nilikuwa namutafunia karanga na kumutia mu kinywa. Kisha akakomaa, akaingia ku kariere, anachimba, anarudia na kikohozi, mashavu imeingia ndani kama sufuria ya kugongwa. Na mi nilipika. Stéphanie, andika ile mara mbili. Nilipika. Sombe ya majani ya mihogo, bukari ya unga, samaki ya bitoyo, maharagi. Alikuwa anagusa kidogo, anasukuma sahani, anawasha sigareti. Dokta alimwambia aachane na tumbako juu ya kifua yake. Hakuachana. Njo nikamutuma kwako asaidie Tharcisse ku mashini ya kusaga, apumue hewa ya mashamba. Sikumutuma kutafuta mashavu.

Unamupa nini? Kama ni dawa ya mutu fulani, sema. Mi niko na haki ya kujua mujukuu yangu anakula nini, na anakulia kwa nani.

Mi mukubwa yako,
Mianda


Kasaji, tarehe 3 Machi 2024

Yaya Mianda mupendwa,

Nimepokea barua yako kwa furaha kubwa. Hapa tuko bazima, Mungu anatuchunga. Mugongo ya Tharcisse inakubali asubuhi na kukatala mangaribi. Gari ya moshi haijapita tena, bantu banasafiri na kamyo na pikipiki. Mihindi imekomaa muzuri. Pongezi kwa Tatiana, na busu kwa Mianda mudogo. Akipiga makelele, basi jina imekaa mahali pake.

Usikasirike, Yaya. Sikutaka kukuambia mbele sijahakikisha. Kalala ameacha sigareti toka Noeli.

Mwanzo ilikuwa vita. Jasho, hasira, usingizi hakuna. Na kula! Alikuwa anakula kama mutu mwenye kutoka gereza. Tharcisse akaanza kuogopa kwa ajili ya ghala ya mihindi. Nikampeleka kwa Mathieu, infirmier, muuguzi ya hapa, nikamuuliza kama ni minyoo. Mathieu akacheka. Akasema, Mama Mushiya, si minyoo, ni homoni. Tumbo ikiwa wazi, bila kitu ndani, inatoa homoni moja, kwa Kifaransa banaiita ghréline. Inaingia mu damu, inapanda mpaka mu kichwa, inasema: leta chakula. Lakini mu kichwa ya mutu mwenye alizoea tumbako, ile sauti inaamsha tamaa ingine yenye ilikuwa imelala. Tumbo inalomba bukari, kichwa inasikia sigareti. Kuna homoni ingine inatoka mu matumbo kisha kula, inasema: imetosha, tulia. Ile inasaidia. Anasema banasayansi bamepima damu ya bantu benye banaacha kuvuta. Bale benye ghréline yao iko juu sana, mara mingi njo banarudia ku tumbako mbio. Hawajamaliza kujua yote, na chakula peke yake haiponeshe mutu. Lakini, akasema, usimuachie na tumbo wazi.

Njo vile ninafanya. Uji asubuhi na karanga. Kiazi ya kuchoma ku mashini. Bukari saa sita, na mangaribi tena. Katikati, yai ya kuchemsha mu mufuko. Tamaa ikimukamata, anakula kidogo, anakunywa mayi, anangoja, inapita.

Anapenda sombe yangu. Juzi alisema hajakulaka sombe kama ile.

Mudogo yako,
Mushiya


Musonoi, tarehe 19 mwezi ya tatu

Mushiya,

Jambo. Tatiana eko muzuri, mutoto eko muzuri, mvua inaanza kuchoka. Hiyo njo salamu.

Sombe yako!

Nani alikufundisha kutwanga? Weye ulikuwa unalia pilipili ikikurukia mu jicho, na mi nakutosha machozi na kitambaa yangu. Sombe yako inakuwaka na mayi. Stéphanie anacheka hapa, namuambia aandike: inakuwaka na mayi. Na mujukuu yangu hajakulaka kama ile? Basi myaka yote alikuwa anakula nini kwangu, majani ya muti?

Na ile ya Mathieu nimesikiliza. Stéphanie alinisomea mara mingi mpaka sauti ikamukauka. Basi njaa iko na jina ya Kizungu. Muzuri. Mi naijua toka utoto na sikujuaka kama inaitwa vile. Weye Kizungu ulijifunzia kwa masista, kule walikutuma kusoma juu mi nilibakia nyumbani na batoto ku mugongo. Sikulaumu. Nasema tu vile ilikuwa.

Lakini sikiliza sasa. Mutoto anaachaka tumbako na kula tu? Kama ng'ombe? Tumbako ni kifungo, Mushiya. Inakatwa na magoti. Kikundi yetu ya sala, bamama ya Musonoi, tutafunga Juma Takatifu, toka Jumatano mpaka Ijumaa Kuu, mayi tu, hakuna kitu ingine. Tutafunga kwa jina ya Kalala. Na Kalala afunge pamoja na mi, kule kule. Nimetuma Kisimba amwambie kwa kinywa, kwa jina ya mi bibi yake: «Kaku yako anasema, kama unamupenda, funga naye.» Hatakatala. Ule mutoto hakunikatalia kitu hata siku moja, isipokuwa chakula.

Akitoka mu ile mafungo amemaliza tumbako kabisa, bantu bajue ni magoti ya nani ilifanya kazi. Si kiazi ya kuchoma.

Usimupe yai mu mufuko ile siku.

Mianda


Musonoi, tarehe 14 mwezi ya ine

Mushiya, mudogo yangu,

Pasaka imepita na barua yako hapana. Uko muzuri? Tharcisse eko muzuri? Kuna mutu alisema daraja moja njiani iliharibika, ama ni uongo? Mutoto ya Tatiana anaanza kucheka, anacheka na mi tu, mama yake anasikia wivu. Mi namuambia, wivu ni ugonjwa, ujitunze.

Mafungo yetu ilienda muzuri sana. Bamama bengine balianguka Alhamisi, moja alijificha na mukate chini ya kitambaa, bakamuona. Mi hapana. Nilisimama mpaka Ijumaa Kuu, mpaka busu ya musalaba. Njaa sikuisikia. Asubuhi nilivuta tumbako yangu kidogo nyuma ya nyumba, saa sita kidogo, mangaribi kidogo, tumbo ikanyamaza kama mutoto mwenye kunyonya. Padiri mwenyewe alisema: «Mama Mianda, wewe ni chuma.»

Kalala alifungaje? Alisema nini? Alitaja jina yangu?

Kisimba anasema hakumuona ku mashini safari hii. Anasema aliona weye, ukamupa mihogo ya kupakia na hukumupa barua. Umekasirika? Juu ya sombe? Nilisema inakuwaka na mayi, sikusema ni mubaya.

Jibu, Mushiya. Hata mistari mbili.

Mianda


Kasaji, tarehe 2 Mei 2024

Yaya,

Tuko hai. Daraja iko muzima.

Kalala alifunga vile ulimutuma. Jumatano alisaga mpaka mangaribi na mayi tu. Alhamisi alimwanga unga ya mutu chini, akatukanana naye, yeye mwenye hatukanake mutu. Nilikuwa na uji mu sufuria. Sikumupa. Ilikuwa amri ya mukubwa yangu na ilikuwa juma ya Bwana, sikuwa na nguvu ya kusema kinyume.

Ijumaa Kuu, wakati ya njia ya musalaba, hakuonekana. Tharcisse akamukuta nyuma ya mashini na pakiti muzima ya sigareti. Hakuwa amekula. Alivuta tu.

Toka ile siku anavuta kuliko zamani. Analala ku mashini. Ku meza yangu hafike, anasema hana uso ya kukaa hapo. Mashavu yenye Kisimba aliona, sasa tafuta.

Nilimuambia Mathieu. Akauliza: «Na ule kaku mwenye alifunga naye, alipitisha namna gani?» Nikamusomea barua yako ya mwezi ya ine, pale unasema tumbo ilinyamaza kama mutoto. Mathieu hakucheka. Alisema tumbako inafungaka kinywa ya njaa.

Yaya, weye ulifunga na tumbako mu kinywa, upande ya moto ukiugeuza ndani, kama vile mama yetu alikuwa anavuta. Kalala alifunga bila kitu. Hamukufunga mafungo moja.

Mushiya


Musonoi, tarehe 23 mwezi ya tano

Kwa Mushiya,

Jambo kwako na kwa nyumba yako. Baridi imeanza asubuhi. Mutoto ya Tatiana ametosha jino ya kwanza. Tatiana ameanza tena kuuzisha mukate ku njia ya Kolwezi. Stéphanie anakusalimia, anasema barua yako ilimulemea kusoma, alisimama katikati akajifanya anatafuta sindano.

Kuna neno unangojea niseme. Sitaisema. Sasa sikiliza yenye nitasema.

Nilikasirika sana. Nilisema: ule infirmier ananijua wapi? Mi nilizaa batoto, nilizika, nilibeba mabeseni ya mayi toka ku muto, na mutu ya Kasaji anasema ni tumbako njo ilisimama mahali pangu? Nikaamua kumuonyesha kama ni mwongo. Nikakamata tumbako yangu, nikaipa Stéphanie, nikasema: ficha, hata nikikutukana usinipe. Nafunga tena, peke yangu, mayi tu.

Asubuhi ilipita. Saa ine nikaanza kusikia harufu ya maharagi, na maharagi ilikuwa inapikwa ku nyumba ya tatu. Kisha kitu ikanikamata hapa, chini ya mbavu, Mushiya, kitu yenye mukono. Ikavuta. Nikaketi. Nikasimama. Nikatukana kuku. Kichwa ikasema: tumbako. Tumbo ikasema: chakula. Na mi sikujua tena ni gani inasema gani, sauti ilikuwa moja. Nikaenda kwa Stéphanie, nikamwambia nipe. Akakatala. Nikamwita majina yenye sitaki aandike, lakini ananiambia ataandika: nilimwita ngozi ya mbuzi.

Nikarudia nyumbani, nikakuta uji ya ule mutoto mwenye jina yangu. Nikaikula. Yote. Tatiana akafika na beseni ya mukate yenye ilibakia, nikakula mukate. Nikapika bukari, nikakula bukari. Tatiana akasimama ku mulango, akasema: «Kaku, sijakuonaka unakula.»

Nikasema: «Acha uongo.»

Akasema: «Hapana. Unapikaka, unagawaka, unaendaka nyuma ya nyumba.»

Nilikaa na ile maneno. Wakati batoto balikuwa mingi na sufuria ilikuwa moja, mi nilikuwa nagawa, kisha naenda nyuma kuvuta, na njaa inanyamaza, na bantu banasema Mianda ni chuma. Na Kalala alikuwa ananifuata kule nyuma toka alipokuwa kijana. Tulikuwa tunavuta pamoja, hatusemi mingi. Yeye njo alikuwa mutu yangu ya mangaribi. Weye unakaa naye ku meza. Mi nilikaa naye ku moshi. Ukiandika amepata mashavu, mi nasikia: amehama.

Basi mwite Kalala. Mutoshe ku ile mashini, hata kwa sikio, umukalishe chini na umusomee hii kwa nguvu. Stéphanie, andika kubwa.

KALALA. Ni kaku yako. Ile mafungo nimeiondoa. Haikuwa ya Mungu, ilikuwa yangu. Kula. Kula ku meza ya kaku Mushiya, kula sombe yake, hata iko na mayi. Mbele ya kusema ndiyo kwa sigareti, tia kitu mu kinywa, ungoje kidogo. Ukianguka, usiende kulala ku mashini na panya, rudia ku meza. Uso ya kukaa hapo nimekupa mi. Mutu akikuuliza, sema kaku yako ya Musonoi alikutuma.

Mushiya, umeona. Nimesema sombe yako. Usinilombe zaidi.

Mianda


Kasaji, tarehe 30 Juni 2024

Yaya yangu,

Salamu mingi. Leo ni uhuru ya inchi, batoto bamepita na mashule yao wakiimba, na Tharcisse amevaa koti yake ya arusi, haifungike tena. Tumekula kuku. Mwambie Stéphanie, ngozi ya mbuzi inatengenezaka ngoma muzuri, asihuzunike.

Nilisoma barua yako mbele ya Kalala. Pale unatukana kuku, akaanza kucheka. Pale Tatiana anasimama ku mulango, akaacha kucheka, akaangalia inje. Nilipomaliza aliniomba barua. Ameiweka mu shati. Mangaribi ile alikuya ku meza, akakaa, akakula.

Si kama imekuwa rahisi. Alianguka mara moja ku soko, alipokaa kutwa nzima bila kula. Alirudia mwenyewe, akasema: «Kaku, nimeanguka, nipe bukari.» Toka hapo hajavuta. Mathieu alimupimia kilo, akamwambia asiogope kunenepa kidogo, kifua inapumua. Kikohozi ya asubuhi imepungua, sasa namusikia tu akiamka juu anaimba vibaya.

Yaya, kuna maneno ingine. Anasema anataka kurudia Musonoi mwezi ya munane, kisha mavuno. Anasema anakukumbuka. Anasema: «Kaku yangu eko peke yake nyuma ya nyumba.»

Nilienda kulisha kuku. Unajua batoto yangu bote bako Angola, barua yabo inafika mara moja kwa mwaka, na Tharcisse kisha kula analala. Nitazoea. Nilikuwa napika sufuria mudogo mbele, nitarudia ku sufuria mudogo.

Lakini Mathieu ameniomba nikuulize, na weye unapenda maneno yenyewe, basi naiuliza vile alisema: ku nyumba yako, kungali tumbako?

Mudogo yako,
Mushiya


Musonoi, tarehe 21 mwezi ya saba

Mushiya, mutoto ya mama yangu,

Jambo. Jambo kwa Tharcisse na koti yake. Sisi huku tuko. Vumbi imerudia, makamyo inapita, majani ya mihogo imekuwa nyekundu. Mutoto ya Tatiana anatambaa, anakula kila kitu yenye anaokota. Sijui ametosha wapi ile roho. Mi sasa nakula na yeye, sahani moja, mukono yake na mukono yangu, na akinisukuma namusukuma.

Barua yako ilikaa kwa Kisimba mpaka akamaliza kutengeneza kamyo. Ilipofika sikujibu juma moja. Stéphanie alikuya kila siku na kalamu, namwambia kesho.

Umeuliza, najibu. Ndiyo. Ingali.

Nakula asubuhi vile Mathieu alisema, naweka karanga mu kitambaa. Kuna siku sivute. Tatiana anasema nimekuwa na matako, namwambia asiseme kwa bantu. Lakini mangaribi, kisha kula, na tumbo imejaa, na ile homoni yenu imelala, miguu yangu inanipeleka nyuma ya nyumba peke yake. Pale si njaa tena. Uliza Mathieu ile inaitwa namna gani kwa Kifaransa. Naketi ku jiwe yangu, na jiwe ya pili, yenye Kalala alikuwa anaketi, iko wazi, na navuta kwa ajili ya ile jiwe ya pili.

Sasa fikiri Kalala arudie mwezi ya munane. Atanisalimia, atakula chakula yangu yote kwa kunifurahisha, na jua ikienda ataketi ku ile jiwe. Nitakuwa na tumbako mu mukono. Nitasema: hapana, Kalala, usivute. Na mukono yangu mwenyewe itamupa. Najijua, Mushiya. Nimemungoja sana, sina nguvu ya kumukatalia kitu siku ya kwanza.

Asikuye.

Stéphanie ameacha kalamu, ananiangalia. Andika, mama. Asikuye mwezi ya munane, asikuye mpaka nitume neno. Mi nitaendelea kupigana na hii kitu, na mimi si mutoto, labda itanishinda, labda mi nitaishinda. Siku nitakaa ku jiwe na mikono wazi, njo nitamuita. Mbele ya ile siku ni mutoto yako. Upike sufuria kubwa.

Usifikiri wivu imeisha. Iko hapa, inakula na mi ku sahani moja. Ukiniandikia amenenepa, nitashukuru Mungu na nitakasirika, yote mbili siku moja. Ukimupikia sombe, usiniandikie alisema nini.

Na kitu moja nalomba, mudogo yangu, na hii usinikatalie. Usimwambie kama mi njo nilisema abakie. Mwambie ni weye umekatala kumuachia. Mwambie nililia kwa barua mingi, nilitukana, nilitaka kutuma Kisimba kumukamata, na weye ulikuwa mugumu. Akukasirikie weye kidogo. Weye unamuona kila siku, atakusamehe ku meza.

Mi nataka tu akae kule anasema: kaku yangu ya Musonoi, angekuwa yeye, hangenizuia.

Mianda